Ng'ombe wa Piyaya Walioandikwa Ganako

Naandika haya nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie ningoje zipoe. Zikipoa nitaanza kusema kwa adabu, na jambo hili limelelewa na adabu tupu. Wa Arusha alikuwa na adabu. Wa Nairobi alikuwa na adabu. Hata mjukuu wangu, niliyembeba kwa mgongo huu, aliniambia kwa adabu kabisa, "Bibi, mimi nimefanya nilichoagizwa." Aliyekosa adabu ni mimi, na nitaeleza ni wapi.

Jina la mtu sitataja. Wanaonijua watashangaa, maana mimi niliishia darasa la nne nikapewa jembe, lakini majina hayanitoki. Nawajua wote tuliokaa nao dawati moja, na mama zao, na nani alimzaa nani upande wa Mbulu kabla hawajahamia huku. Wakigombania mpaka wa shamba hapa Ganako huja kuniuliza marehemu fulani alipakana na nani kabla barabara haijapita. Huwajibu papo hapo, na huwa najisikia. Basi yote ninayo, ya wakubwa na ya wadogo. Siyataji kwa sababu kutaja ndiko kulikoniponza.

Mjukuu wangu ni binti wa mwanangu wa tatu. Anaandika programu za kompyuta. Alisomea Arusha, akazunguka na vyeti vyake mwaka mzima, halafu akarudi kwangu na kompyuta kwenye begi la mgongoni. Umeme ninao, na mnara wa simu uko juu ya shamba la mbaazi, ila mtandao unakamata vizuri jikoni kuliko sebuleni. Kwa hiyo akahamia jikoni. Meza niliyokuwa nachambulia maharage ikawa ofisi ya watu wa Nairobi, nami nikawa nachambulia magotini.

Siku za mwanzo nilimuuliza, "Wakenya wamekosa watoto waliosoma huko kwao mpaka wakutafute wewe Karatu?"

"Wapo, Bibi. Ila sisi tuko karibu. Jua letu na lao linatoka saa moja, Kiswahili tunaelewana, na sisi ni rahisi."

"Rahisi vipi?"

"Bei rahisi, Bibi."

Akacheka. Mimi sikucheka. Mnadani nikiambiwa mnyama ni wa bei rahisi, huwa namfungua kinywa nimwangalie meno. Lakini nilinyamaza, kwa sababu mtoto alikuwa amepata kazi, na nyumba ilikuwa na mtu wa kuongea naye.

Baadaye ndipo nilipojua ni kazi gani. Kulikuwa na shirika lenye ofisi Arusha lililotaka kuandikisha mifugo ya wafugaji wa Ngorongoro, ili wakati wa chanjo na wakati wa ukame wajue nani apewe majani ya kulisha na nani dawa. Kila mnyama avishwe hereni sikioni, hereni iwe na namba, namba iwe na mwenyewe ndani ya kompyuta. Jambo zuri. Shirika likatafuta wa kuitengeneza hiyo programu, likaenda Nairobi, kwa kuwa Nairobi ndiko kunakosifika. Nairobi wakaona kazi ni nyingi, wakaikatakata vipande, wakagawa kwa vijana wa nchi za jirani. Kipande cha kuandikia mnyama na mwenyewe kikaangukia jikoni kwangu.

Sasa wewe unayesoma, kama unaijua njia yetu, nisaidie. Kutoka Arusha kwenda kwa hao wafugaji unapita Karatu. Hakuna pengine pa maana pa kupita. Gari la shirika lingetoka Arusha asubuhi, lingepita hapa mjini, wangeshuka wanywe chai, wangefika bomani wakauliza, "Jamani, kwenu ng'ombe ni wa nani?" Hawakufanya hivyo. Swali lilitoka Arusha likavuka Namanga, likakaa Nairobi kwenye ghorofa, likavuka tena mpaka kurudi huku, likaja kuulizwa kwenye meza ya maharage. Na aliyelijibu ni mimi, Mwiraqw, mkulima, ambaye maisha yangu yote sijawahi kufuga zaidi ya ng'ombe wawili wa zizini.

Nililijibu kwa sababu ya rafiki yangu.

Rafiki yangu ni Mmasai wa Piyaya. Wazee wake na wazee wangu walichinjana kwa ajili ya ng'ombe, hilo kila mtu analijua. Sisi tulikutana mwaka wa njaa. Alikuwa ameshuka na lori kuleta mbuzi mnadani Karatu anunue mahindi, mimba kubwa, na uchungu ukamshika palepale kati ya mbuzi. Mimi nilikuwa nauza vitunguu. Nikaacha vitunguu. Alijifungua hospitali, mtoto wa kike, lakini damu ilikuwa nyingi, wakasema asisafiri. Alikaa kwangu mpaka alipopata nguvu. Mwanamke wa nyikani, amelala kwenye kitanda cha mbao, anasikia kuku badala ya ng'ombe. Kilichomliza si maumivu. Alikuwa anawakumbuka wanyama wake.

Basi mchana, tukipukuchua mahindi, akawa ananisimulia mmoja mmoja. Hakuniambia ni wangapi. Kwao hawahesabu mifugo kwa sauti, na mtu wa nje hatangazi mifugo ya mwenzake, ni kama kumvua nguo njiani. Yeye alinisimulia tu. Huyu mwekundu aliyevunjika pembe, bibi yake alitoka kwa mjomba wa mama. Huyu mweusi tumbo jeupe nilipewa nilipozaa wa kwanza. Huyu wa kijivu mama yake alikufa kwa kiu njiani kutoka Malambo, nikamlea kwa maziwa ya mbuzi. Nami kichwa changu ndivyo kilivyo, kikiambiwa hakiachi.

Aliporudi kwao alinitumia mbuzi jike. Nikamlipa shuka mbili na gunia la mahindi, lakini lile la mbuzi ndilo lilikuwa jambo. Kwao mtu akikupa mnyama, jina lako na lake yanawekwa pembeni. Ukipewa mbuzi mnaitana Pakine, wewe kwake na yeye kwako, mpaka kufa. Ng'ombe nao wana neno lao, kondoo nao. Kwa hiyo miaka yote hiyo mimi na yeye tumeitana Pakine. Kila baada ya mavuno alishuka na kulala kwangu siku mbili, na kitu cha kwanza kilikuwa habari za wanyama: nani amezaa, nani ameliwa na fisi. Mume wake alipofariki, habari ikawa ndefu zaidi. Alikuwa na mabinti watupu. Shemeji yake, mdogo wa mume, wanayekaa naye boma moja, alianza kusimama zizini asubuhi akiwaangalia wale wanyama wa nyumba ya rafiki yangu kama mtu anayepima kitambaa. "Hajasema," aliniambia. "Anaangalia tu." Yeye alichotaka ni kimoja: wanyama wakae mkononi mwake mpaka yule binti aliyezaliwa Karatu amalize shule.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani siku ambayo mjukuu wangu alikuwa mezani ananong'ona, "Ng'ombe A, mmiliki A. Ng'ombe B, mmiliki B."

"Unasali?" nikamuuliza.

"Naijaribu programu, Bibi. Lazima niiwekee ng'ombe wa uongo nione kama inawapokea."

"Ng'ombe gani anaitwa B?"

"Si nimekwambia wa uongo."

"Hata wa uongo ana rangi. Ana mama yake."

Akaegemea kiti, akanyoosha mikono. "Haya, mke mwenzangu, wewe unayejua kila kitu, nipe ng'ombe."

Nami nikampa. Nilikuwa namenya viazi, sikuinua hata macho. Nikamwaga boma zima la Pakine, mmoja baada ya mwingine, rangi, pembe, bibi yake alitoka wapi. Mtoto anaandika anashindwa kunifuata, ananiambia, "Taratibu, Bibi!" nami ndiyo kwanza naongeza mwendo. Nilisikia raha, sitadanganya. Mwanamke wa darasa la nne anamwagia maneno mtu wa chuo, na mtu wa chuo anatoka jasho.

"Mmiliki?" akauliza.

Nikamtajia rafiki yangu.

Akabonyeza, akatikisa kichwa. "Inakataa. Maagizo yanataka mkuu wa kaya, mmoja kwa boma moja. Ana mume?"

"Alishafariki."

"Basi mkubwa wa lile boma sasa hivi ni nani?"

"Shemeji yake."

"Anaitwaje?"

Nikamtajia. Majina yote matatu, na la babu yake juu, kwa haraka, kama mtoto anayejibu swali la mwalimu. Halafu nikasema, "Lakini wanyama si wake."

"Bibi, ni majaribio tu. Yatafutwa yote."

Nikarudi kwenye viazi. Nairobi walifurahi. Bosi wake alimpigia, simu ikiwa mezani nikasikia mwenyewe: "Hizi data zako ziko poa sana, zinakaa za ukweli kabisa." Zinakaa za ukweli, yaani zinafanana na za kweli! Alikuwa kijana mwenye sauti laini. Mjukuu wangu akanikonyeza. Kazi ikaisha, ikakabidhiwa, akapewa nyingine ya mambo ya maduka. Mimi nikasahau kabisa, na huwa sisahau.

Simu ya Piyaya ilikuja asubuhi moja nikiwa nimeshika ungo. Huko mtandao mpaka upande kilima, kwa hiyo rafiki yangu akipiga huwa anahema. Safari hii alikuwa anahema, na hakusema Pakine. Aliniita jina langu la ubatizo.

Ungo ukanitoka mkononi. "Nani amekufa?" nikauliza.

"Hakuna aliyekufa. Ng'ombe wangu umemwambia nani?"

"Ng'ombe gani?"

"Usiniulize ng'ombe gani. Vijana wamekuja na hereni, na kompyuta ya kushika mkononi. Nimepanga foleni toka jua linatoka. Kijana ananiambia, mama, hawa washaandikwa. Nikasema, nani ameandika? Anasoma: mwekundu, pembe imevunjika, bibi yake alitoka kwa mjomba wa mama. Mjomba wa mama yangu! Arusha wanamjua mjomba wa mama yangu?"

Niliinama nikaokota ungo.

"Ni wewe tu nilikwambia," akasema. "Wameandikwa kwa shemeji. Wamevishwa hereni, namba zote ni zake. Yeye anacheka. Anasema mashine imemjua yenyewe."

Simu ikakatika, au aliikata, sijui. Nikaingia jikoni. Mjukuu wangu alikuwa na vile vitu vya masikioni, nikavivuta.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Alilia. Akafungua kompyuta ili afute, akakuta hawezi kuingia. Kazi ilipokabidhiwa, Nairobi walimfungia nje. "Ni utaratibu, Bibi," anasema huku machozi yanaingia mdomoni. Mtu aliyejenga nyumba hana ufunguo wa kuingia kutoa nyoka aliyemwacha ndani.

"Mpigie bosi wako," nikasema. "Na mimi nakaa hapa."

Akampigia ile simu ya picha. Kijana mzuri, shati limenyooshwa, nyuma yake ukuta una maua ya plastiki. Mjukuu wangu akaeleza. Yule akawa anatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole sana," akasema. "Lakini hizo data zilifaa kutolewa na yule aliziweka."

"Mkataba unasema kusafisha ni kazi yenu kabla ya kukabidhi," mjukuu wangu akamjibu. Hapo nilimpenda kidogo.

"Sisi tulidhani mteja amezikubali. Wao ndio waliziona, hawakusema kitu."

Mjukuu wangu akampigia mteja, yaani Arusha, palepale, kwa simu nyingine. Mama mmoja, Kiswahili safi. Akasema wao walipofungua na kukuta Piyaya tayari ina wanyama, walifurahi kwamba zoezi limeshaanza. Walifurahi! Watu wa pande tatu, kila mmoja ameona ng'ombe wa rafiki yangu, na kila mmoja amedhani mwenzake ndiye anawajua.

Nikamgeukia yule wa Nairobi. "Mwanangu, shikamoo yako iko wapi?"

Akacheka kwa aibu. "Shikamoo, shosho." Shosho kwao ni bibi.

"Marahaba. Badilisha hilo jina."

"Shosho, siwezi tu kubadilisha hivyo. Lazima mteja afungue ombi. Na hata tukibadilisha, mfumo unakubali mtu mmoja kwa boma moja. Hiyo ya kuandika kila mama na wanyama wake haiko kwa mkataba. Itaingia awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni lini?"

"Wakipata mfadhili."

"Umewahi kufika Piyaya?"

"Hapana, shosho."

"Ng'ombe umewahi kumkamua?"

"Mimi ni mtu wa Nairobi, shosho. Yangu ni ya pakiti."

"Hata ya pakiti yametoka kwa ng'ombe mwenye mama yake," nikamwambia. "Na mwenyewe anamjua."

Akasema atalifuatilia. Akasema amelichukua kwa uzito. Nikamwambia kama amelichukua alirudishe. Mjukuu wangu akaifunga kompyuta haraka kabla sijamuuliza anatoka kwa nani.

"Vaa viatu vya kutembelea," nikamwambia. "Tunaenda Piyaya."

"Bibi, nina kazi ya watu wiki hii."

"Hii nayo ilikuwa ya watu."

Tulipanda gari la abiria alfajiri, Landkruza ile ambayo magunia yanakaa kwenye viti na watu wanakaa juu ya magunia. Tukapita geti la Ngorongoro, tukapanda kule juu kwenye ukungu, magari ya watalii yanatupita na vichwa vimetoka juu ya paa. Halafu tukateremka kwenye vumbi mpaka Malambo. Kutoka hapo pikipiki, mimi na umri wangu, mikono kiunoni kwa kijana nisiyemjua. Mjukuu wangu alikuwa nyuma kwenye pikipiki nyingine. Kilomita zote hizo sikumsemesha. Nilitaka aone umbali wa mahali alipopajaza kwa kubonyeza.

Rafiki yangu alikuwa nje ya nyumba yake. "Takwenya," nikamsalimu kwa salamu yao. "Iko," akajibu, hakuongeza neno. Mjukuu wangu akainamisha kichwa kama mtoto anavyomsalimu mkubwa huko, aguswe. Kichwa kikakaa kimeinama. Nikahesabu pumzi zangu. Mwisho akakigusa, kwa vidole viwili.

Alituletea chai, tukanywa nje, hakutuambia tuingie.

"Niliwataja mimi," nikasema. "Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka mtoto aone ninavyojua."

"Ulijua vizuri," akasema.

"Na yule shemeji pia nilimtaja mimi."

"Hilo ndilo silielewi." Alikuwa anaangalia kikombe. "Wanyama, sawa, mdomo umeteleza. Lakini yeye? Nilikuja kwako mara ngapi nikikwambia habari za yule?"

Nikamwambia mashine ilikataa mwanamke. Hata mwenyewe nilipoyasikia hayo maneno niliona aibu. Mashine ilikataa, nami nikatafuta jina la kuishibisha. Ningeweza kumwambia mtoto, basi acha, usiandike. Sikumwambia. Nilikuwa nafurahia.

Shemeji mtu akaja na fimbo begani, shuka jipya, simu inaning'inia shingoni. Mchangamfu sana.

"Karibu, mama wa Karatu! Wewe ndiye uliyenitajirisha?"

"Sikukutajirisha. Nilikosea."

"Basi kosea tena, nina jirani yangu maskini hapa." Akacheka, na vijana waliokuwa naye wakacheka. "Mimi sikuomba. Nilikuwa nimekaa kwangu, wakaja wakaniambia, mzee, hawa wako. Nikatae?"

Rafiki yangu akainuka. "Juzi amemchagua mweusi tumbo jeupe," akaniambia, mbele yake. "Anampeleka mnadani. Siku hizi mnadani wanasoma hereni kabla hujauza. Mimi nikimpeleka, wananiambia wewe mama si mwenyewe." Halafu akamgeukia. "Waite wenzako. Huyu alisema kwa mashine. Sasa aseme kwa watu."

Wakaja wanaume wa lile boma na la jirani, wakakaa. Wanyama walikuwa wanarudi. Nilisimama katikati ya samadi, nikawasema upya, kila mmoja alipopita, safari hii nikianza na mwenyewe: huyu ni wa nyumba ya huyu mama, alimpata hivi. Mjukuu wangu alikuwa ameshika daftari, anaandika, na wanawake walikuwa wamemzunguka wanamwambia na habari za kwao, kwa sababu kumbe rafiki yangu hakuwa peke yake. Kila nyumba ilikuwa na wanyama wake walioandikwa kwa mtu mwingine. Mimi nilikuwa nimemponza rafiki yangu tu. Yale maagizo yalikuwa yamewaponza wote.

Nilipomaliza, mzee mmoja akamuuliza shemeji, "Kuna uongo?"

"Hakuna," akasema, tena bila haya. "Yote ni kweli. Lakini mnadani hawasomi maneno ya mama wa Karatu. Wanasoma hereni. Na hereni ni yangu."

Wanaume wakaanza kushauriana. Wanyama ni wa nyumba ya marehemu, hilo walikubaliana mara moja. Hereni sasa, hiyo ni mambo ya ofisi, hawaijui. Niliona itakavyokwenda: kila mtu ana haki, na mweusi tumbo jeupe anakwenda mnadani.

Rafiki yangu hakungoja. Aliingia ndani, akatoka na koleo la kukatia waya.

"Shika kichwa," akaniambia.

Nikamshika mwekundu pembe iliyobaki. Mjukuu wangu akaacha daftari akaja kushika upande wa pili, viatu vyake vyeupe ndani ya samadi. Rafiki yangu akakata. Sikio lilitoa damu kidogo. Akachukua ile hereni ya njano, akamwendea shemeji yake, akaiweka kiganjani mwake.

"Mali yako," akasema.

Akarudi kwa anayefuata. Alikwenda na kurudi hivyohivyo, kila hereni peke yake, hakuzikusanya. Mwanzoni yule bwana alikuwa anatabasamu. Halafu akawa hajui afanye nini na mkono, akaukunjua wa pili. Wanawake wakaanza kucheka, kwanza mmoja kwa ndani ya shuka, halafu wote. Wale vijana wake wakaangalia pembeni. Mwisho alisimama amejaza viganja vyote viwili vitu vya plastiki, fimbo imeanguka, na hakuna mnyama hata mmoja anayemsogelea.

Ningependa kuishia hapo, na mjukuu wangu anaposimulia mjini huishia hapo, watu wakapiga makofi. Mimi sikubali. Mnyama asiye na hereni hapati chanjo wala majani ya mradi. Gari la chanjo lilipita Piyaya baada ya sisi kuondoka. Rafiki yangu aliwapeleka wanyama wake, akarudishwa nao, kwa adabu. Wanyama wa jirani wote wamechanjwa, wa kwake wanakula nao nyasi zilezile. Ugonjwa ukija utaanza na wale aliowaokoa. Alinipigia kuniambia. Aliongea kwa kifupi na hakuniita chochote.

Mjukuu wangu aliandika kurasa nyingi za yale aliyoambiwa na wanawake wa Piyaya, jinsi ya kuandika kila nyumba na wanyama wake, akazituma Nairobi na Arusha bila mtu kumwomba. Nairobi wakamjibu asante kwa maoni mazuri. Bado anawafanyia kazi. Siwezi kumwambia aache, ndiyo maisha yake, na ukweli ni kwamba anaipenda. Nilimwambia sharti moja: ananipa bando, na kila Jumatatu saa tatu yeye mwenyewe ananibonyezea namba ya bosi wake, na anakaa pale anasikiliza.

Wiki nne za kwanza kijana alipokea. Ya tano hakupokea. Nikaenda kwa jirani nikatumia simu yake. Jumatatu iliyofuata nikatumia ya katekista. Nina majirani wengi, na namba zao zote ziko kichwani.

Jumatatu hii nilitumia ya mwenye duka.

"Halo, nani?"

"Ng'ombe wa rafiki yangu leo wameandikwa kwa nani?"

Nikasikia anavuta pumzi. "Shosho. Ni wewe tena."

"Ni mimi. Kwa nani?"

"Bado, shosho. Bado ni kwa yule mzee."

"Arusha wamefungua ombi?"

"Bado hawajafungua."

"Na wewe umewaambia wafungue?"

Nyuma yake nilisikia watu wa ofisini wakiongea na kucheka, asubuhi njema ya watu walioamka vizuri.

"Bado," akasema.

"Haya. Jumatatu," nikamwambia, nikamrudishia mwenye duka simu yake.